Koti la Rangi ya Mikeka

Juma zima, msomaji, umemwacha Zulaika ameshika wembe. Mkono umekwisha kufa ganzi. Hebu turudi Mbale, kwenye baraza la lile duka la jumla karibu na msikiti, tumpokonye huo wembe kabla hajajikata.

Koti lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa amefumua mshono wa ubavuni kidogo tu, apime kama kitambaa kitatosha kutoa koti la mtoto. Na pale palipofunguka, upande wa ndani wa bitana, yakatokea maua mekundu juu ya kitambaa cha manjano.

Gurbaba yake! Nguo aliyofungwa kiunoni siku ya harusi yake, Jinja, mbele ya wanawake wote wa Kinubi wa Nalufenya. Aliikata kwa mikono yake mwenyewe akaishonea ndani ya koti la mumewe, Habib, wakati Habib anaikimbia vita. Habib aliondoka nalo mwilini, akapotea nalo.

Sasa vita imekwisha, watu wanaokota walichobakiwa nacho, na koti limeletwa na mwanamke wa Wanale, kule juu mlimani, aitwaye Khainza. Huyo hapo kwenye stuli, anatafuna karanga.

"Nyabo, mbona wewe nanyamaza? Kitambaa haitoshi?"

"Kinatosha." Zulaika akaweka kiganja juu ya mshono. "Nauliza tu. Umelitoa wapi?"

"Ni ya nyumba yetu."

"Nyumba haivai koti, mama. La nani?"

"Ya bwana yangu. Gidudu."

Si kwamba Zulaika hakujua dunia ilivyokuwa. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuchukua nguo iliyochoka na kuitoa upya. Pazia linakuwa gauni, suruali ya mzee inakuwa sketi ya shule, kola iliyochanika inageuzwa na kurudishwa, na mtu anaenda nayo harusini kifua mbele. Nguo madukani hazikuwapo, na zilizokuwapo hazikushikika kwa bei. Mji mzima ulimwita Mama Geuza. Ameziba matundu mengi kwenye mashati bila kuuliza yalitobolewa na nini, maana alijua wako waliovuliwa wakiwa hawana tena sauti ya kukataa.

Lakini matundu yale yalikuwa ya wanaume wa wenzake. Hili lilikuwa koti la Habib.

Angesema nini? Mbale hapakuwa na mtu aliyemjua kwa jina la Zulaika. Alikuwa amewaambia anaitwa Khadija, mtu wa Iganga, kwa sababu Mnubi siku zile alibebeshwa madhambi yote ya serikali ya wanajeshi iliyoangushwa vitani, hata kama maisha yake yote alikuwa anaziba pancha za baiskeli kama Habib. Akifungua mdomo, amejimaliza yeye na mama mkwe wake, Ramula, anayemngoja nyumbani.

Na huyo Ramula ndiye aliyemuuma moyo zaidi. Kila Zulaika akirudi kazini, bibi humuuliza neno moja: "Umesikia lolote?" Naye hujibu, "Bado, mama." Shekhe amekwisha washauri wamsomee Habib dua ya maiti, Zulaika akae eda, mambo yaishe. Wote wawili wamekataa. Zulaika alitaka jambo moja tu hapa duniani: aambiwe Habib yu hai au amekufa, ili naye ajue kama ni mke au mjane.

"Mumeo alilinunua wapi?" akauliza, akijitahidi kutabasamu.

Khainza akatazama huku na huku, kisha akasogeza stuli karibu.

"Yeye hajui kama mimi nilileta. Ilikuwa juu ya dari, alificha ndani ya gunia. Mimi niliolewa pale juzi, mambo yake ya zamani sijui. Lakini koti nalala bure na mtoto nakohoa! Baridi ya kule juu hapana mchezo. Kata haraka, nyabo, kabla yeye narudi."

"Alilificha?"

"Hata panya alikuwa hapana ona."

Hapo Zulaika hakuwa na shaka tena. Mtu hafichi koti alilonunua kwa halali. Moyoni alimwona Habib kalala njiani, na mwanaume mgeni ameinama anamvua mkono mmoja, halafu wa pili.

"Khainza!"

Mwanaume alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa soko, mrefu, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Karanga zikamwagika. Khainza alikuwa amekwisha simama, anatafuta pa kukimbilia.

"Koti iko wapi? Wewe, mwanamke, gunia nimekuta tupu, koti iko..." Macho yake yakaangukia mapajani mwa fundi. "Usikate! Mama, tafadhari, usikate hiyo!"

Zulaika akasimama. Wembe ulianguka, mkasi ukachukua nafasi yake. Ile hofu yote ya jina na kabila ikayeyuka, akabaki mwanamke tu mwenye mkasi.

"Ulimuulia wapi?"

Gidudu akasimama ghafla. Alimtazama usoni, akatazama bitana ya manjano iliyochungulia kwenye mshono, akamtazama tena. Akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Wewe ni Zulaika," akasema.

"Zulaika gani?" Khainza akadakia. "Huyu ni Khadija. Mtu wa Iganga."

"Huyu ni Zulaika. Mwenye koti alitaja jina hiyo mpaka mimi nikachoka kusikia."

Mkasi ukashuka wenyewe. Maiti haitaji majina. Kama Habib alikaa na mtu huyu akamsimulia habari za mkewe, basi hakuvuliwa njiani.

"Yuko hai?"

Gidudu alitazama watu waliokuwa wameanza kupunguza mwendo barabarani, akaonyesha mlango wa stoo kwa kidevu. Wakaingia wote watatu katikati ya magunia, Zulaika kalikumbatia koti.

"Yuko hai?" akarudia.

"Ngoja niseme kama ilivyokuwa, mama. Nikiruka, nitasema uongo." Gidudu alivuta pumzi. "Alikuja kwa nyumba yangu na mvua. Barabara ya chini ilikuwa na roadibloko ya kukagua watu, yeye alitaka kupita juu kwa mlima aende Kenya. Nilifungua mlango, nikaogopa. Ile koti ilikuwa natoka rangi! Maji nyeusi nashuka mpaka kwa vidole vya miguu. Na huku kwa mabega ilibaki alama mbili, zile za mikanda ya askari. Mtoto mdogo angeona, angejua hiyo ni koti ya jeshi."

Zulaika akafumba macho.

Tukumbushane, msomaji. Koti lilikuwa la marehemu mzee Sebit, baba yake Habib, aliyekuwa askari enzi za Wazungu. Jinja hapakuwa na kitambaa kingine kizito, na Habib alikuwa anakwenda kulala kwenye baridi. Zulaika alikata mikanda ya mabegani, akang'oa vifungo vya shaba akaweka vya mbao, akapunguza mapana. Ikabaki rangi ya kijeshi, na rangi iliyokuwapo nyumbani ilikuwa moja tu, ile nyeusi ambayo yeye na Ramula hutilia ukindu wa mikeka. Mwanamke wa Kinubi anaiamini rangi hiyo kuliko anavyomwamini mwenye duka. Mkeka unachakaa, rangi ipo palepale.

Lakini mkeka hulala ndani ya nyumba. Zulaika hakulijaribu koti kwenye maji hata kidogo. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa bwawa, na Habib alikuwa amekwisha vaa viatu.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemuua."

"Hapana, mama. Sikiliza. Mimi nilimvua. Nilimpa koti yangu ya shamba na kofia, asubuhi nikampeleka kwa njia ya kahawa, ile watu wa chini hawajui. Alipita! Nasema alipita. Niliona yeye navuka upande ile ingine, ananipungia mkono, na mimi nikarudi kwangu."

"Alipita?"

"Alipita, kabisa."

Zulaika akacheka. Alicheka kwa sauti, machozi yanamtoka, akamshika Khainza mabega akamtikisa kama wamejuana tangu utoto. Yuko Kenya! Yuko hai, anaziba pancha za watu, ana koti la shamba la Mgisu wa mlimani na kofia, na barua ndizo zilizopotea. Atamkimbilia Ramula sasa hivi. Atamwambia, mama, leo nimesikia!

Khainza naye alikuwa anacheka bila kujua anacheka nini. Gidudu peke yake ndiye hakucheka.

"Halafu alirudi," akasema.

Khainza akaacha kucheka.

"Jua ilikuwa kichwani. Niko nakata ndizi, naona yeye nasimama kwa mlango. Nikamwambia, wewe, una wazimu? Umesahau roho yako hapa? Akasema, nimekuja kuchukua koti yangu. Nikasema hiyo koti ni kifo. Akasema, ndani yake iko gurbaba ya harusi ya mke yangu, alikata kwa sababu yangu. Siwezi kuiacha kwa mlima."

"Ukampa?"

"Tulibishana, mama. Mimi nilimtukana, hata. Mwisho nikaweka koti chini ya gunia, nikapanga ndizi juu yake. Akabeba kichwani kama mtu naenda sokoni." Gidudu alijifuta uso kwa kofia. "Kwa njia kulikuwa na vijana wenye bunduki. Asubuhi hawakuwa pale. Wakamwaga ndizi."

Zulaika aliomba asimalize. Aliomba kwa macho, kwa sababu mdomo ulikuwa umekataa.

"Waliona yale mabega. Hawakungoja yeye aseme kitu. Mimi nilisikia bunduki niko kwa shamba. Giza ilipoingia tulishuka na ndugu yangu tukamleta. Amelala kwangu, pale chini ya kahawa. Tulipanda miti juu yake ili mtu asiulize. Koti nilishindwa kuzika na nilishindwa kuvaa. Nilienda mpaka Jinja, Nalufenya, kutafuta wewe. Nyumba nilikuta iko na watu wengine. Wakasema Manubi wa hapa walikwisha, enda kwenu."

Zulaika akaketi kwenye gunia la chumvi, akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia mpaka mwenye duka akachungulia, akafunga mlango taratibu akaondoka. Alimlilia Habib aliyekwisha vuka. Angekufa kwenye mvua ile siku ya kwanza, angalau pasingekuwa na huku kupungiwa mkono. Huyu alikuwa ameokoka, mzima wa afya, halafu akageuka nyuma kwa ajili ya kipande cha nguo.

Khainza alikuwa naye ameketi chini, ameshika mguu wa Zulaika.

"Mimi sikujua, nyabo. Sitaki tena koti. Mtoto akohoe tu."

"Asikohoe," Zulaika akasema, akipangusa kamasi kwa kanga. "Mlete Jumatatu. Nina blanketi la zambarau pale, nitamtolea koti lenye kofia. Hili niachieni mimi."

Alipokuwa anakunja koti ndipo wazo likamchoma. Habib alijuaje?

Maana hakumwambia. Alijua Habib angekataa, angesema afadhali afe na baridi kuliko gurbaba ya harusi iguswe na mkasi. Kwa hiyo alimwambia ni kitambaa cha sokoni, na aliigeuza bitana, maua yakaangalia ndani, nje ukabaki upande uliofifia. Bila kufumua mshono, hata yeye mwenyewe asingeitambua.

"Hakukwambia nani alimweleza habari za gurbaba?"

"Hakusema, mama. Alisema tu, mimi siwezi kuiacha."

Basi. Pengine alipapasa akahisi. Zulaika alilitupa wazo hilo, kwa sababu lilikuwapo jambo zito zaidi mbele yake. Ramula.

Alitembea kwenda nyumbani na koti ndani ya kikapu, na njia nzima alikuwa anashona uongo. Angemwambia bibi kwamba Habib alikufa kule barabarani, kwenye mvua, kwa sababu ya rangi. Angejitwika kosa lote yeye, na habari ya kuvuka na kurudi angeizika chini ya kahawa hukohuko. Mama wa mtu hastahili kujua kwamba mwanawe aliokoka kwanza.

Ramula alikuwa ameketi mkekani mlangoni, anasuka ukili. Macho yalikuwa yamefifia lakini vidole vilijua njia.

"Leo umewahi. Umesikia lolote?"

Zulaika akafungua mdomo aseme "Bado, mama," kwa mazoea. Halikutoka.

"Nimesikia, mama."

Vidole havikusimama. Vilipunguza mwendo tu.

"Sema."

"Habib ametutangulia."

Bibi akasoma innalillahi kwa sauti ndogo, akaendelea kusuka, machozi yanashuka shavuni hayafutwi. Zulaika akapiga magoti mbele yake. Akaanza uongo wake vizuri kabisa: mvua, rangi kutoka, mabega ya koti. "Ni mimi, mama. Rangi ile ni mimi niliyeitia."

"Rangi tuliitia wote. Nani alikuwa anakoroga chungu, jini?" Ramula akanyoosha mkono, akampapasa uso. "Aliyekupa habari ni nani?"

"Mtu wa Wanale. Ndiye aliyemzika. Alimpa koti lake avae, akampitisha..."

Alikuwa ameteleza, na bibi hakuwa mtu wa kupitwa na neno.

"Akampitisha wapi?"

"Mama..."

"Zulaika. Mimi nimemzika mume na watoto wanne. Usinichagulie la kusikia. Mwanangu alipita?"

"Alipita, mama. Alivuka."

"Halafu?"

"Halafu akarudi."

"Habib hakuwa mjinga." Bibi akatikisa kichwa. "Aliyekwisha vuka anarudi kufuata nini?"

Na Zulaika, msomaji, akachoka. Ni uchovu wa kweli, usimlaumu. Alikuwa amebeba uongo wa jina, wa kabila, wa "bado, mama", na huu mmoja wa ziada ukamshinda. Akautoa ukweli jinsi ulivyokuwa.

"Alirudi kufuata koti. Kwa sababu ya gurbaba yangu. Alimwambia yule mtu hawezi kuiacha mlimani." Sasa alikuwa analia tena. "Na wala sijui alijuaje! Nilimficha, mama. Niligeuza maua ndani. Nilimwambia ni kitambaa cha sokoni. Mimi na wewe tu ndio tuliojua..."

Alijisikia mwenyewe akisema maneno hayo. Vidole vya Ramula vilikuwa vimesimama.

Ukili ulimtoka bibi mkononi, ukaanza kufumuka polepole mkekani.

"Ulikuwa umeingia ndani kumfungia chakula," Ramula akasema. Alisema akitazama mbele, si kwa Zulaika. "Alikuwa amesimama mlangoni, anataka kulivua. Alisema lina joto, linamwasha shingo, ataliacha, ataenda na shati. Nikamwambia, thubutu! Mkeo amekata gurbaba yake ya harusi akushonee, nawe unasema linawasha? Nikamwambia, popote utakapolala, ulale nalo. Usiliache kwa mtu."

"Mama, nyamaza."

"Nikamwapisha. Kwa maziwa niliyomnyonyesha, nikamwapisha. Akacheka, akasema, haya, mama, nimeapa." Ramula akajishika kifua kwa mikono miwili. "Hakurudi kwa ajili yako, binti yangu. Alirudi kwa sababu yangu."

Zulaika akasimama. Alimtazama mwanamke huyu ambaye yeye alimlisha na kumwogesha tangu Jinja, akamwita mama hata siku waliyokosa chumvi. Alitamani kurudi chini amkumbatie. Alitamani vilevile kumpigia kelele: kwa nini hukunyamaza? Nilikuomba usimwambie! Hakuweza hata moja, na kukaa humo ndani hakuweza pia. Akachukua shuka yake ukutani, akajitupia kichwani.

"Unakwenda wapi? Zulaika? Sema neno, hata la kunitukana."

Zulaika aliruka mkeka, akatoka uani akaishika njia. Kule mwisho wa barabara utingo alikuwa anaita abiria wa Jinja, anapiga ubavu wa basi kwa kiganja, na miguu ya Zulaika ilikuwa inakwenda huko bila yeye kuiamuru.

Nyuma yake bibi aliita "Zulaika!" mara moja. Halafu akaanza kumwita Habib, kwa ile sauti ya zamani ya Nalufenya, ya kumwambia mtoto chakula kimeiva, aje ale.